Kimoja kimoja, furushi, usajili au cha bure: ulinganisho wa njia za kupata vifaa vya sanaa ya kidijitali kwa bajeti ndogo

Mchapishaji mdogo ameagiza jalada la kitabu cha watoto: nyumba ya mawe kando ya bahari wakati wa jioni, jahazi limetia nanga kwa mbali, bibi na mjukuu wake wameketi barazani, na jina la kitabu juu yao kwa herufi zinazosomeka vizuri. Msanii atakayelitengeneza jalada hili kwa picha za pande tatu anahitaji mwanga wa jioni, tekscha (picha inayovikwa juu ya umbo) ya ukuta na ya mchanga, modeli ya jahazi, miili miwili ya watu yenye mavazi na nywele, pamoja na fonti. Vyote hivi vinauzwa au kugawiwa bure katika maduka ya mtandaoni. Lililobaki ni kuamua njia ipi itamfikisha kwenye jalada lililokamilika kwa gharama ndogo zaidi, bila kuvunja masharti ya leseni na bila kujaza diski ya kompyuta vitu ambavyo hatavigusa tena.

Njia kuu ni nne. Ya kwanza ni kuchukua vya bure, ya pili ni kununua kimoja kimoja wakati wa punguzo, ya tatu ni kununua furushi, na ya nne ni kulipia usajili wa mwezi au wa mwaka. Nimezipita zote katika miaka ya kutengeneza majalada na picha za matangazo, na hapa ninazilinganisha kwa kipimo kimoja: fedha zote zilizotoka mfukoni, zigawanywe kwa idadi ya vifaa vilivyoingia katika kazi iliyokabidhiwa kwa mteja. Maduka hupenda kupima kwa asilimia ya punguzo kwa sababu tarakimu hiyo huvutia macho. Lakini kifaa cha dola 40 kilichoshushwa hadi dola 8, ikiwa hakifunguki katika programu unayotumia au leseni yake hairuhusu kazi unayoifanya, kimekugharimu dola 8 na hakijakupa chochote.

Vya bure ambavyo ni bure kweli

Anza na vifaa vilivyotolewa chini ya tamko la CC0, ambalo shirika la Creative Commons lilianza kulitoa mwaka 2009. Aliyetengeneza kifaa huachilia haki zake zote kadiri sheria inavyomruhusu, nawe unaweza kukitumia katika kazi ya biashara, kukibadilisha utakavyo, na hulazimiki hata kumtaja, ingawa kumtaja ni uungwana. Poly Haven hugawa kwa masharti haya picha za HDRI (zile zinazoiangaza mandhari), tekscha na modeli, wala haikudai ujiandikishe. Ilizaliwa mwaka 2021 kwa kuunganishwa kwa tovuti tatu, yaani HDRI Haven, Texture Haven na 3D Model Haven. ambientCG inafanya kazi kama hiyo, hasa kwa upande wa tekscha. Kenney, yenye makao Uholanzi, hugawa maelfu ya vifaa vya michezo ya kompyuta vyenye mtindo mmoja, kiasi kwamba mtu anaweza kujenga mchezo mzima bila picha moja kuonekana mgeni kando ya nyingine.

Msimamo wangu kuhusu sehemu hii ni thabiti: mwanga na tekscha za kawaida, kama mchanga, mbao, saruji, kutu na majani, msinunue. Vya CC0 vina ubora wa kutosha kwa jalada, kwa tangazo la barabarani na kwa filamu fupi, na katika miaka yote hii hakuna mteja aliyewahi kutambua kwamba anga la picha yake lilipatikana bila malipo. Jalada letu, basi, limekwisha kupata jioni yake na mchanga wake.

Hata hivyo, kwa msanii anayelipia intaneti kwa bando, cha bure nacho kina bei yake. Faili ya HDRI au tekscha hutolewa kwa ukubwa mbalimbali, kuanzia 1K (upana wa nukta kama elfu moja) na kupanda hadi 8K, 16K au zaidi, na kila upana unapoongezeka mara mbili, idadi ya nukta za picha huongezeka mara nne, na uzito wa faili hufuata mwendo huohuo. Mtu anayebonyeza ukubwa wa juu kabisa kwa kila kitu atamaliza bando la wiki kwa mchana mmoja, na kompyuta yake ya kawaida itakwama wakati wa kukokotoa picha ya mwisho. Pakua 1K unapojaribu mpangilio, kisha upakue 4K kwa vile tu vilivyo karibu na kamera. Katika jalada letu, ukuta ulio nyuma ya bibi unastahili 4K, ilhali mchanga wa mbali utatosheka na 1K.

Si kila kilichoandikwa bure ni CC0, na hapa ndipo wengi huteleza. Leseni ya CC BY inakutaka umtaje mtengenezaji, jambo linalowezekana katika ukurasa wa ndani wa kitabu lakini gumu kwenye lebo ya chupa ya maji. CC BY-SA inadai kwamba kazi iliyotokana na kifaa hicho, ukiitoa kwa umma, itolewe kwa leseni hiyohiyo, na mchapishaji wako huenda asilikubali hilo. Yoyote yenye herufi NC inakataza matumizi ya kibiashara, kwa hiyo iache hata kama picha inapendeza namna gani. OpenGameArt, iliyofunguliwa mwaka 2009, ni hazina kubwa, ila leseni zake zimechanganyika, na ni lazima kusoma ukurasa wa kila kifaa peke yake badala ya kudhani kwamba kilichoruhusiwa kwa kimoja kimeruhusiwa kwa vyote.

Fonti ziko katika hali nzuri zaidi kuliko kitu kingine chochote. Google Fonts, iliyoanza mwaka 2010, ina mamia ya fonti zinazoruhusiwa katika kazi za biashara, nyingi zikiwa chini ya leseni ya SIL, ambayo kikwazo chake kikubwa ni kwamba usiiuze fonti yenyewe peke yake. Kwa Kiswahili fanya jaribio moja dogo kabla ya kuamua: andika ng'ombe na ng'ambo kwa ukubwa wa jina la kitabu, utazame kibainishi, yaani alama ya ('), kinakaaje kati ya g na irabu inayoifuata. Fonti nyingi za mapambo huacha pengo kubwa hapo, na mtoto anayejifunza kusoma ataliona neno limekatika vipande viwili.

Kuna pia bure ya muda. Maduka makubwa hutoa bidhaa chache bila malipo kwa siku kadhaa, na ukizichukua zinabaki katika akaunti yako. Mfano mkubwa wa hivi karibuni ni wa Fab, duka la Epic Games lililofunguliwa Oktoba 2024 likaunganisha masoko yaliyokuwa yametawanyika, likiwamo soko la Unreal Engine. Maktaba ya Megascans ya Quixel, yenye maelfu ya miamba, mimea na tekscha zilizochukuliwa kutoka vitu halisi, iliachwa bure kwa yeyote aliyeichukua hadi mwisho wa mwaka 2024, kisha ikaanza kuuzwa. Aliyetumia dakika chache kuiingiza katika akaunti yake kabla ya tarehe hiyo anayo hadi leo. Zawadi za namna hii zichukueni hata kama hamna kazi nazo kwa sasa, kwa sharti moja: ziingizwe kwenye akaunti bila kupakuliwa, ili bando na diski visalimike hadi siku ya kuhitajika.

Kununua kimoja kimoja wakati wa punguzo

Watu ndio kifaa kigumu zaidi kupata bure. Mwili unaokunjika vizuri viungoni, ngozi isiyofanana na plastiki, nguo inayofuata mwili unapoketi: haya ni matunda ya saa nyingi za fundi, na ni halali alipwe. Kwa wasanii wa picha tuli, duka lililojengwa juu ya hitaji hili ni Daz 3D, ambalo hutoa programu yake ya Daz Studio bure na kujipatia kipato kwa kuuza watu, mavazi, nywele na mandhari.

Katika duka la namna hii bei kamili hubakia kwa wale walio na haraka. Punguzo hufuatana mwaka mzima, la Machi likiwa miongoni mwa makubwa, na bidhaa ileile unaweza kuiona kwa bei tatu tofauti ndani ya miezi miwili. Mkakati unaofaa ni kuweka bidhaa katika orodha ya vile unavyovitaka, uandike pembeni bei ya chini kabisa uliyowahi kuiona, na ununue inapoirudia. Tahadhari inahitajika kwa ofa zinazofungamanisha vitu, kwa mfano ile inayokuambia ununue vipya viwili ndipo vya zamani vishuke bei zaidi. Tuseme unahitaji nguo moja ya dola 10, na ofa inaishusha hadi dola 4 iwapo utanunua vipya viwili vya dola 9 kila kimoja. Umeokoa dola 6 kwa kutoa dola 18. Ofa hiyo ni nzuri kwa aliyekuwa anavitaka vile vipya tangu awali, na kwa mwingine yeyote ni hasara.

Jambo linalookoa fedha kuliko punguzo lolote ni kuchagua kizazi cha miili na kukaa nacho. Vizazi vya miili ya Daz huitwa Genesis: Genesis 8 ilitoka mwaka 2017 na Genesis 9 mwaka 2022, na nguo iliyoshonwa kwa kizazi kimoja haiukai mwili wa kizazi kingine bila marekebisho, ambayo mara nyingi huacha mikunjo mibaya mabegani na kiunoni. Anayefuata kila kizazi kipya hununua kabati upya kila baada ya miaka michache. Anayebaki nyuma kizazi kimoja hukuta bidhaa nyingi zimekwisha kutengenezwa, zimejaribiwa na wengine, na zinashuka bei mara kwa mara. Kwa jalada ambalo bibi ameketi hatua kumi kutoka kwenye kamera, hakuna msomaji atakayeiona tofauti ya vizazi hivyo viwili.

Leseni nayo ina ngazi zake, na tofauti ya bei kati ya ngazi hizo inaweza kuzidi punguzo lenyewe. Kwa Daz, leseni ya kawaida inakuruhusu kuuza picha na video ulizozitoa kwa modeli hizo, lakini kuziingiza modeli zenyewe ndani ya mchezo wa kompyuta kunahitaji leseni nyingine inayolipiwa kando. Kwa Fab mambo yako kinyume kidogo na humfaa mnyonge: bidhaa nyingi zina leseni ya mtu binafsi na ya kitaaluma, na ile ya kwanza, ambayo kwa kawaida ndiyo nafuu, inamtosha mtu au kampuni ambayo mapato yake ya miezi 12 iliyopita hayakuzidi dola 100,000. Wasanii wa kujitegemea walio wengi wako chini sana ya kiwango hicho, na hawana sababu ya kulipia ngazi ya juu kwa hofu tu kwamba kazi yao ni ya biashara.

Masoko mapana kama CGTrader na TurboSquid yanafaa kwa kitu kimoja mahususi, mathalani jahazi letu. Hapo kagua mambo mawili kabla ya kulipa. La kwanza ni aina ya faili: anayetumia Blender, programu ya bure ya picha za pande tatu, atafurahia faili ya .blend, ataridhika na FBX au glTF, na ataumia kichwa na faili ya programu ya kulipia ambayo hana. La pili ni kama modeli imewekewa sharti la matumizi ya habari na uhariri pekee, kama ilivyo kwa magari na bidhaa nyingi zenye nembo za kampuni halisi. Modeli hiyo haiwezi kuingia katika tangazo wala jaladani hata ukiilipia bei kamili.

Furushi

Furushi ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu ndilo lenye hesabu inayodanganya kwa urahisi. Humble Bundle, iliyoanza mwaka 2010, huuza kwa ngazi: unalipa kiasi kidogo unapata vitu vichache, unaongeza unapata vyote, na sehemu ya fedha hupelekwa kwa mashirika ya hisani. Miongoni mwa mafurushi yake huwamo ya modeli, sauti na tekscha za michezo. itch.io nayo iliweka historia Juni 2020 kwa furushi la kuunga mkono haki za watu weusi nchini Marekani, ambalo kwa dola 5 na kuendelea lilitoa zaidi ya vitu 1,000, michezo ikiwa mingi pamoja na vifaa vya kutengenezea michezo, na lilikusanya zaidi ya dola milioni 8. Aliyelinunua alisaidia jambo jema na akapata akiba ya miaka. Mafurushi ya aina hiyo ni machache.

Hesabu ya kawaida huenda hivi. Furushi la dola 25 lina vitu 60, na duka linakuambia kwamba thamani yake ni zaidi ya dola 1,000. Ukigawanya kwa 60, kila kimoja ni kama senti 42, na moyo unaridhika. Sasa chukua orodha, uweke alama kwenye vile utakavyovitumia katika kazi ulizonazo mkononi au unazozitarajia ndani ya miezi sita. Vikifika 4, kila kimoja kimekugharimu dola 6 na senti 25, bei ambayo huenda ungevipatia kimoja kimoja wakati wa punguzo, bila kupakua mafaili 56 ya ziada. Vikifika 12, nunua bila kusita. Mimi hutumia mpaka wa vitu 8, na chini ya hapo hufunga ukurasa.

Niliujifunza mpaka huo kwa kuumia. Nilinunua furushi kubwa la mandhari za mijini katika duka mojawapo, nikiamini kwamba litanihudumia mwaka mzima. Sehemu ya vifaa ilikuja kwa namba za siri za kwenda kukomboa katika duka jingine, nazo zilikuwa na tarehe ya mwisho ambayo sikuisoma. Nilipozihitaji, miezi ilikuwa imepita na namba zimekufa. Vile vilivyobaki vilikuwa mitaa ya matofali mekundu na ngazi za chuma za kuokolea watu moto unapozuka, vitu visivyo na nafasi katika hadithi za watoto wa Tanga. Tangu siku ile hukomboa kila namba saa ileile ninaponunua, na huyatazama mandhari kwa macho ya msomaji atakayekiona kitabu.

Furushi humfaa sana mtu wa aina moja: anayeanza kutengeneza michezo, ambaye bado hajui atahitaji nini, na ambaye anafaidika kwa kujaribu vitu vingi. Kwa mtu aliye na agizo mkononi, furushi mara chache hushinda.

Usajili

Huduma ya usajili ya Envato na zinazofanana nayo hukuruhusu kupakua bila kikomo cha idadi kwa ada ya kila mwezi, na kwa mbunifu anayetengeneza vipeperushi, mabango, video fupi na mawasilisho kila siku, hakuna njia inayoikaribia kwa unafuu. Lakini kanuni yake inafaa kueleweka vizuri: kila matumizi ya kifaa ni kwa kazi mahususi, ifanywe wakati usajili wako ungali hai. Kazi uliyoikamilisha wakati huo itabaki halali hata ukiacha kulipa, ila huwezi kukichukua kifaa ulichokipakua mwaka jana na kukiweka katika kazi mpya ilhali usajili umekwisha. Wanaojaza diski katika mwezi mmoja wakidhani wamejiwekea akiba ya kudumu wanajitengenezea maktaba ambayo haiwezi kutumiwa kihalali.

Kutokana na kanuni hiyo, mkakati ni kukusanya kazi. Msanii mwenye maagizo matatu yasiyo na haraka ayapange yaangukie mwezi mmoja, alipie mwezi huo, akamilishe, kisha asitishe. Chunguza pia namna mkataba ulivyoandikwa, kwa kuwa mpango unaoitwa wa mwaka unaolipwa kila mwezi si sawa na mpango wa mwezi kwa mwezi, na kujitoa mapema kunaweza kutozwa ada. Suala hili lilifika mahakamani Juni 2024, serikali ya Marekani ilipoishitaki Adobe, kampuni inayouza programu za ubunifu kwa usajili, ikidai kwamba ada ya kujitoa mapema haikuwekwa wazi vya kutosha kwa wateja. Sitisha usajili siku ileile unapoufungua, ikiwa huduma inakuacha uendelee hadi mwezi uishe. Na kama unalipa kwa kadi pepe, acha ndani yake kiasi cha malipo hayo tu.

Bei iliyoandikwa na bei utakayokatwa

Msanii wa Nairobi, Dodoma au Mombasa hulipa zaidi ya tarakimu anayoiona kwenye ukurasa wa bidhaa. Kwanza kuna kubadilisha shilingi kuwa dola, ambapo benki au huduma ya malipo huchukua kiwango chake kisichokuwa kile cha soko. Pili, maduka mengi ya nje huongeza kodi ya ongezeko la thamani mwishoni mwa malipo, na kiwango cha kawaida cha kodi hiyo ni asilimia 16 kwa Kenya na asilimia 18 kwa Tanzania Bara. Tatu, baadhi ya kadi hutoza ada isiyobadilika kwa kila muamala, na ada hiyo humeza punguzo lote la mtu anayenunua kitu cha dola 2 mara tano badala ya kuvikusanya kikapuni na kulipa mara moja. Wakenya wamepata wepesi tangu Safaricom na Visa walipoanzisha kadi pepe ya M-Pesa mwaka 2022, kwa maana msanii asiye na akaunti ya benki anaweza kulipa katika maduka hayo moja kwa moja. Kabla ya kulinganisha maduka mawili, peleka vikapu vyote viwili hadi ukurasa wa mwisho wa malipo, ndipo ulinganishe tarakimu hizo za mwisho.

Vile ambavyo hakuna duka linaloviuza

Mpaka hapa jalada letu lina mwanga, mchanga, fonti, jahazi na miili miwili. Lakini bibi amevaa gauni la maua la Kizungu, na nyuma yake kuna mlango wa nyumba ya kijijini Uingereza. Tafuta utakavyotafuta, mavazi na majengo ya Pwani yetu ni nadra madukani, na machache yaliyopo mara nyingi yametengenezwa na mtu aliyeona picha moja tu. Kwa sehemu hii ushauri wangu ni kwamba fedha mlizookoa kwenye tekscha zisitafutiwe mbadala wa bei nafuu dukani, bali mtengeneze wenyewe, kwa kuwa ndicho kitakachomfanya mchapishaji arudi.

Kanga ndiyo rahisi kuliko vyote, kwa sababu ni mstatili. Ina pindo linaloizunguka, mji katikati, na jina chini ya mji. Chora pindo lako na mji wako katika Krita au Inkscape, ambazo ni programu za bure, ipe kanga ya bibi jina linalobeba ujumbe wa hadithi, kisha uiweke picha hiyo juu ya modeli ya shuka tupu uliyoipata kwa leseni huru. Msipige picha ya kanga iliyochapishwa na kuitumia kama ilivyo, maana mchoro ule una mwenyewe. Ukuta wa mawe ya matumbawe unaweza kupigwa picha kwa simu siku ya mawingu, wakati hakuna kivuli kikali. Mlango wa nakshi wa Lamu au wa Mji Mkongwe wa Zanzibar unaweza kugeuzwa kuwa modeli kwa kupiga picha nyingi kutoka pande zote na kuziunganisha katika Meshroom, programu huria inayofanya kazi vizuri zaidi kwenye kompyuta yenye kadi ya michoro ya NVIDIA. Muombe ruhusa mwenye nyumba kabla ya kuanza. Katika uzoefu wangu wengi hukubali, na baadhi hukueleza ni nani aliyeuchonga mlango huo.

Mlango huo ukishatengenezwa mara moja, utautumia katika majalada yote yajayo ya Pwani, na kwa kipimo tulichoanza nacho, hakuna kifaa cha dukani kitakachoufikia kwa unafuu.

Nani achague ipi

Anayetengeneza michezo kwa mara ya kwanza aanze na Kenney na OpenGameArt, aongeze furushi moja alilolichagua kwa makini, na asilipie usajili mpaka awe na mapato. Mbunifu wa matangazo mwenye maagizo ya kila wiki alipie usajili, kwani muda wake wa kutafuta ni ghali kuliko ada. Mchoraji wa majalada na picha za hadithi, kama mimi, atumie CC0 kwa mwanga na tekscha, anunue watu na nguo kimoja kimoja katika kizazi kilichotangulia, na ajitengenezee vile vya nyumbani. Wote, popote wanaponunua, watazame kama kifaa kimetengenezwa kwa akili unde. Tangu Novemba 2024 itch.io inawataka wauzaji wa vifaa waeleze jambo hilo, na baadhi ya wachapishaji hawaikubali kazi ya namna hiyo hata kidogo.

Jalada letu, kwa hesabu hiyo, linahitaji manunuzi mawili tu: miili yenye nywele, na jahazi. Ikiwa kuna mwezi mzima mbele, viwekwe kwenye orodha na visubiri punguzo. Ikiwa kazi inatakiwa Ijumaa, vinunuliwe leo kwa bei iliyopo na gharama hiyo iingizwe katika ankara ya mchapishaji kama mstari wa vifaa. Risiti, nakala ya ukurasa wa leseni kama ulivyosomeka siku ya ununuzi, na jina la kila kifaa cha bure na mahali kilipotoka, vyote vihifadhiwe katika folda moja na faili la jalada, maana mchapishaji anaweza kuviuliza miaka mitatu baadaye, siku kitabu kinapoandaliwa kwa toleo la pili.